Wizi Ndio Uwe Ghali, Si Risasi

Siku hizi ukihudhuria mkutano wa usalama kwetu Karamoja, hutakosa kumsikia mzungumzaji akitoa habari njema: risasi zimeadimika na bei yake imepanda. Huisema kwa furaha, kama mtu anayetangaza kwamba mvua imenyesha. Waliokaa kwenye viti hupiga makofi. Wachungaji waliokaa chini ya mti hunyamaza. Mimi nilizaliwa Kotido, katika jamii ya Wajie, na sasa nasoma shahada ya kwanza hapa Kampala, somo langu kuu likiwa Kiswahili. Nawafahamu wanaopiga makofi na nimekua pamoja na wanaonyamaza. Naandika kueleza kwa nini wanaonyamaza wana hoja, na kwa nini wanaoshangilia risasi ghali hawajapiga hesabu hadi mwisho.

Niondoe shaka mapema. Siombi risasi ziwe rahisi. Simtetei mtu yeyote anayevizia zizi la mwenzake usiku, awe Mjie, Mdodoth, Mmatheniko, Mturkana au Mpokot. Nimezika watu wa ukoo wangu, na najua risasi ni nini. Ninachopinga ni dhana moja ambayo imekuwa kama dini kwa wakubwa wetu, kwamba risasi zikiadimika amani imefika. Dhana hiyo ni ya uongo, na gharama yake hulipwa na mtu mwenye ng'ombe watatu, si mwenye lori.

Tuanze na tofauti ambayo husahaulika. Bunduki na risasi si kitu kimoja. Bunduki ni taa ya chemli, risasi ni mafuta ya taa. Taa ukiinunua leo unaweza kumrithisha mjukuu wako, lakini mafuta huisha. Mwaka 1979, utawala wa Idi Amin ulipoanguka na askari wake wakaikimbia kambi ya Moroto, wananchi waliingia ghala la silaha wakabeba walichoweza kubeba. Bunduki iliyobebwa siku ile, kama imetunzwa vizuri, inaweza kufyatua hata leo. Risasi za siku ile zilikwisha zamani. Kwa hiyo kila mlio unaosikika leo usiku ni wa risasi iliyoletwa baadaye, na yuko mtu aliyeileta.

Nani aliileta? Hakuna kijiji cha Karamoja wala cha Turkana kinachotengeneza risasi. Risasi inataka kiwanda, baruti iliyopimwa, na vipimo visivyokosea hata unywele. Uganda ina kiwanda chake Nakasongola. Kenya ina chake Eldoret. Tanzania ina Shirika la Mzinga huko Morogoro. Risasi nyingine serikali huziagiza kutoka mbali. Sudan Kusini, vita vilivyoanza Desemba 2013 viliendelea miaka minne na nusu kabla Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa halijaweka vikwazo vya silaha Julai 2018. Sisemi kwamba viwanda hivi vinauza risasi vichochoroni. Nasema jambo dogo zaidi, ambalo ni gumu kulikana: risasi iliyomo mkononi mwa mvamizi ilianza safari yake ikiwa mali halali, imeandikwa katika daftari la mtu fulani. Mahali fulani njiani daftari lilifungwa na risasi ikaendelea na safari.

Serikali yetu imepokonya silaha Karamoja zaidi ya mara moja. Desemba 2001 watu waliombwa kusalimisha bunduki kwa hiari, wakaahidiwa mabati na majembe ya kukokotwa na ng'ombe. Mwaka 2006 jeshi likarudi na mbinu ya kuzingira manyatta alfajiri na kupekua nyumba kwa nyumba. Julai 2021 ikaja operesheni yenye jina la Kiswahili, Usalama kwa Wote. Ng'ambo ya mpaka, Februari 2023, Kenya nayo ilianzisha Operesheni Maliza Uhalifu. Mimi hufurahi lugha hii inapotumika, lakini niseme ukweli. Wazee wengi wa kwetu walijifunza Kiswahili chao cha kwanza kwa amri tatu: kaa chini, mikono juu, toa bunduki. Katika maisha yangu yote sijamsikia askari akiongeza swali la pili, "Risasi ulinunua kwa nani?"

Taarifa zinazotolewa hutaja bunduki zilizokusanywa na pengine risasi zilizokamatwa. Hazitaji zilitoka wapi. Naelewa kwa nini. Swali hilo lina hatari ya kumrudia muulizaji. Waswahili walisema kikulacho ki nguoni mwako, na hakuna apendaye kuvua nguo mbele ya watu.

Sasa tupige hesabu. Nitatumia bei za mfano tu, kwa maana bei halisi hubadilika kila msimu na anayeijua vizuri haandiki insha. Tuseme risasi moja ni shilingi 5,000 za Uganda. Magazini ya Kalashnikov hubeba risasi 30, yaani shilingi 150,000, na tuseme hiyo ndiyo bei ya mbuzi mmoja. Mchungaji mwenye mbuzi kumi na ng'ombe watatu huuza mbuzi mmoja akajaza magazini yake. Operesheni ikaja, njia zikafungwa, bei ikapanda hadi 10,000. Magazini ile ile sasa ni mbuzi wawili. Mwaka wa njaa hauzi tena mbuzi kwa ajili ya risasi, anauza kwa ajili ya unga. Mwaka 2022 watu zaidi ya laki tano Karamoja walikuwa katika upungufu mkubwa wa chakula. Katika mwaka kama huo mchungaji huyu hubaki na risasi nne, kisha mbili, kisha fimbo. Yeye ndiye ambaye bei imemshinda.

Mtazame mtu wa pili. Huyu hana zizi. Ana lori na simu mbili, na hulala mjini. Amewaagiza vijana wamletee ng'ombe 60, na amewapa risasi 300. Kwa bei mpya risasi hizo ni shilingi milioni 3. Tuseme kila ng'ombe atauzwa shilingi milioni moja, jumla milioni 60. Risasi zimekula sehemu moja katika ishirini ya mauzo. Kwa bei ya zamani zingekula sehemu moja katika arobaini. Je, tajiri huyu ataacha biashara kwa sababu hiyo? Ataongeza ng'ombe wawili katika oda yake, na tofauti itakuwa imelipwa na zizi la mtu.

Hapo ndipo kosa lilipo. Bei ikipanda, haipunguzi risasi kwa watu wote sawasawa. Inazihamisha kutoka kwa mwenye kidogo kwenda kwa mwenye kingi. Katika biashara ya sukari jambo hili kila mtu analijua. Sukari ikiadimika, anayekunywa chai bila sukari ni maskini, si mwenye duka. Kwa nini tunadhani risasi ina tabia nyingine?

Kuna jambo la pili linalofanya mizani izidi kuinama. Mlinzi hajui atashambuliwa lini. Ni lazima awe na risasi usiku wa leo, wa kesho, na wa mwezi ujao. Mvamizi anaijua siku, saa na njia. Hununua au hukopa risasi kwa usiku mmoja tu, na asubuhi amekwisha kulipa. Bei ya juu humwumiza anayeweka akiba mwaka mzima kuliko anayenunua kwa kazi moja. Sera inayosifiwa kwamba inawabana wavamizi huanza kwa kuwabana walinzi.

La tatu ni jambo ambalo wageni hawalioni. Risasi ilipokuwa nyingi, ugomvi mwingi wa malishoni uliishia hewani. Mtu alifyatua juu, wengine wakajua pale pana mwenyewe, wakageuza njia. Babu yangu husimulia kwamba zamani risasi ilipokewa hata kama chenji ya pombe. Leo ni nani atafyatua juu mbuzi wake? Risasi ghali haipigwi hewani. Mwenye mbili huzihifadhi mpaka aone kifua cha mtu. Sijui kama wakubwa waliwahi kulifikiria hili walipokuwa wakishangilia, lakini akina mama wa kwetu wamelifikiria, kwa sababu ndio wanaoosha maiti.

Na la nne ni deni. Kijana asiye na kitu akikopeshwa risasi, hulipa kwa ng'ombe. Ng'ombe huyo hayumo katika zizi la baba yake, kwa hiyo humtafuta katika zizi la baba wa mwingine. Bei ikipanda, deni hukua, na deni likikua safari za usiku huongezeka. Kwa hiyo uhaba ule ule uliotazamiwa kuzuia uvamizi huwa sababu ya uvamizi. Mwenye kukopesha haonekani porini, na katika operesheni hakamatwi, maana hana bunduki nyumbani. Ana daftari tu.

Mwaka jana mjomba wangu alinipigia simu nikiwa bwenini. Hakuzungusha maneno. Alisema, "Mwanangu, wale watu wameonekana tena upande wa magharibi. Hapa tuna risasi tano kwa watu wanne. Nikatie kidogo katika hela zako za chuo." Nikamwambia, "Mjomba, hela hiyo siwezi kuitoa. Nenda kambini uwaeleze askari." Akakaa kimya, kisha akauliza, "Kambini ni mwendo wa saa tatu kwa miguu. Nikifika nitawakuta ng'ombe wangu huko?" Sikumtumia hela, na hata leo nisingemtumia. Lakini swali lake si la kijinga, na mtu yeyote anayeshangilia risasi ghali anapaswa kumjibu kabla ya kupiga makofi. Wezi walikuja siku nane baadaye. Mjomba yu hai. Ng'ombe hawapo. Binamu yangu wa kike aliyekuwa kidato cha pili yuko nyumbani, kwa kuwa karo yake ilikuwa na miguu minne ikaondoka usiku ule.

Wapo watakaosema hili ni suala la muda tu, tuvumilie, silaha zote zitakwisha. Hapana, jaribio hili tumekwisha kulifanya, na matokeo yake yanajulikana. Baada ya Desemba 2001, Wabokora ni miongoni mwa waliosalimisha bunduki kwa wingi. Waliahidiwa ulinzi. Mwaka 2002 askari wengi wakahamishiwa vita dhidi ya Joseph Kony, na Wabokora wakabaki mikono mitupu katikati ya majirani ambao bado walikuwa na silaha. Mazizi yao yakafagiwa. Watoto unaowaona wameketi kando ya barabara za Kampala wakinyoosha viganja, wengi wao asili yao ni Napak, nchi ya Wabokora. Watu wa jiji huwaita wavivu na huuliza kwa nini wasirudishwe kwao. Mara nyingi husafirishwa kwa mabasi, na mara nyingi hurudi. Hakuna anayeuliza ng'ombe wao walikwenda wapi. Mpita njia anayewatupia sarafu mia mbili analipa, bila kujua, sehemu ndogo sana ya deni la ulinzi ulioahidiwa mwaka 2001.

Baada ya 2006 jeshi lilijaribu njia nyingine, mifugo ikalazwa karibu na kambi chini ya ulinzi wa askari. Ng'ombe kadhaa waliokolewa, tuseme ukweli. Lakini mifugo mingi mahali pamoja humaliza malisho na huambukizana magonjwa, na mama anayelala mbali na ng'ombe hana maziwa ya kumpa mtoto asubuhi. Ulinzi unaomlinda ng'ombe kwa kumtenganisha na mwenye ng'ombe ni nusu ya ulinzi.

Nirudi kwenye daftari lililofungwa. Mwaka 2008 taasisi ya utafiti ya Small Arms Survey, yenye makao Geneva, ilitoa ripoti kuhusu risasi katika Turkana Kaskazini. Ilikuta kwamba karibu nusu ya risasi zilizokuwa zikizunguka huko kinyume cha sheria zilitoka kwa polisi wa Kenya. Waliligundua vipi? Hawakuwatesa watu. Walisoma kitako cha ganda. Kila ganda la risasi huwa na alama ndogo zilizogongwa nyuma, za kiwanda na mara nyingi za mwaka. Watoto wa kwetu huokota maganda hayo baada ya mapambano, huyapuliza kama filimbi. Wamekuwa wakichezea ushahidi tangu walipojifunza kutembea, na hakuna ofisa aliyekuja kuuomba.

Ripoti hiyo ilionyesha pia kwamba risasi hizo zilionekana kutolewa ili Waturkana wajilinde dhidi ya majirani wa Sudan na Uganda. Yaani badala ya serikali kumlinda mwananchi, ilimpa risasi ajilinde mwenyewe, kisha ikamwita mhalifu kwa kuwa nazo. Nani alikuwa jirani huyo wa Uganda anayeogopwa? Ni sisi. Na sisi tulitafuta risasi kwa sababu ya kuwaogopa wao. Pande zote mbili za mlima watu wananunua risasi kwa hofu ile ile, na pande zote mbili kodi ya wananchi ndiyo iliyozinunua mara ya kwanza.

Dawa ipo na imewahi kujaribiwa mbali na hapa. Sheria ya silaha ya Brazili ya mwaka 2003 inataka risasi zinazouzwa kwa polisi na majeshi zigongwe nambari ya shehena kwenye ganda, ili ijulikane aliuziwa nani. Tarehe 14 Machi 2018, diwani wa Rio de Janeiro, Marielle Franco, aliuawa kwa risasi ndani ya gari pamoja na dereva wake. Maganda yaliyookotwa yalisomwa, na ikajulikana kwamba yalitoka katika shehena iliyouzwa kwa polisi wa serikali kuu mwaka 2006. Alama haikumrudishia mtu uhai, na Brazili bado ina uhalifu mwingi. Lakini siku chache tu baada ya mauaji taifa zima lilikuwa linaiuliza ofisi iliyo na jina: risasi zenu zilifikaje pale? Kwetu mauaji hutokea, maganda hubaki mchangani, na kinachoulizwa ni kabila gani limefanya.

Kwa nini sisi tusigonge alama ya kikosi kwenye kila risasi inayotoka Nakasongola na Eldoret? Nchi zetu tayari zimeafikiana kupiga chapa bunduki, kwa Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004. Tumeipa taa nambari, mafuta tumeyaacha yamwagike. Kikosi kinachopewa risasi 1,000 kirudishe risasi au maganda, na pengo lielezwe kwa maandishi. Baada ya kila uvamizi maganda yaokotwe, yasomwe, na matokeo yatangazwe redioni kwa Ngakarimojong, kwa Kiturkana na kwa Kiswahili. Jambo hili halihitaji ndege wala vifaru. Linahitaji mfuko, kalamu na ofisa asiyemwogopa mkubwa wake.

Najua majibu yatakayokuja. La kwanza: askari analipwa kidogo, ana watoto, ndiyo maana anauza. Namhurumia askari, wengine ni ndugu zangu. Lakini mwalimu wa kijijini pia analipwa kidogo, na hakuna anayemruhusu kuuza majibu ya mtihani. Mshahara mdogo ni sababu ya kudai mshahara, si sababu ya kuacha kuhesabu.

La pili ni la vijana wenzangu wa kwetu, ambao husema basi turuhusiwe kununua risasi kwa bei nafuu, kila mtu ajilinde. Nao nawapinga. Novemba 2012, katika bonde la Suguta karibu na Baragoi huko Kenya, polisi zaidi ya 40 waliuawa walipokuwa wakiwafuata wezi wa mifugo. Hao walikuwa askari, wenye bunduki na risasi za serikali. Ikiwa risasi hazikuwaokoa wao, zitamwokoa mjomba na wenzake watatu? Tena Kenya iliwapa wananchi wengi wa kaskazini bunduki kama askari wa akiba, wengine bila hata mshahara, na mwaka 2019 ikaanza kuzirudisha kwa sababu haikuwa na hakika tena zinamlinda nani. Kumpa kila mtu risasi rahisi ni kuongeza maiti kwa bei ya chini.

La tatu ni la watu wa mjini: hayo ni mambo ya Karamoja. Ndugu msomaji wa Kampala, Mbale au Nairobi, ng'ombe 60 hawaishi porini milele. Hupakiwa katika lori. Kwa kawaida lori la mifugo linahitaji kibali cha ofisa wa mifugo, na njiani hupita vizuizi vya polisi. Mwisho wake ni machinjioni, kisha ndoano ya bucha, kisha sahani. Tajiri wa simu mbili hana mteja mwingine ila wewe na mimi. Kama lori lenye ng'ombe wenye alama za moto za koo tano linapita kizuizi bila mtu kuuliza, basi wizi huo umekamilishwa barabarani mchana, na risasi ilifanya sehemu ndogo tu ya kazi.

Kwa hiyo nafikia hoja yangu. Kitu kinachotakiwa kupanda bei Karamoja ni wizi. Risasi ikiwa ghali na wizi ukibaki rahisi, mwenye mtaji atashinda. Wizi ukiwa ghali, risasi iwe ghali au rahisi, haitakuwa na wa kumpiga.

Wazee wetu wanalijua hili kuliko sisi wasomi. Kwa Azimio la Nabilatuk, lililofikiwa baada ya kampeni ya 2006 kutulia, walikubaliana kwamba mnyama aliyeibwa arudishwe mara mbili, na mmoja aongezwe juu. Aibaye ng'ombe kumi hurudisha ishirini na mmoja. Hiyo ndiyo bei ya juu ninayoitaka mimi. Inamwangukia mwizi na jamii inayomficha, haimgusi mlinzi. Kwa miaka kadhaa utaratibu huo, pamoja na uchache wa bunduki, ulileta usiku wa kulala. Uliporomoka pale ng'ombe walipoanza kuvuka mipaka na kupanda malori, mahali ambapo mzee hana mamlaka, na wenye mamlaka hawakumsaidia.

Mzee hawezi kusimamisha lori, lakini polisi anaweza. Mzee hawezi kumlazimisha jirani wa ng'ambo ya mpaka kulipa, lakini serikali mbili zinazokutana kila mwaka zinaweza. Mwaka 1973, huko Lokiriama, Waturkana na Wamatheniko walizika silaha zao pamoja na kuapa, na hadi leo makubaliano hayo hukumbukwa na pande zote mbili. Viongozi hupenda kuhudhuria sherehe hiyo na kutoa hotuba. Heshima kubwa zaidi kwa wazee wale ingekuwa kuifanya sheria ya mara mbili na mmoja iwe na nguvu pande zote mbili za mpaka, na kumfikisha mahakamani mwenye lori, hata kama ana marafiki wakubwa.

Sisi tunaosoma Kiswahili tunaambiwa kila siku kwamba hii ni lugha ya kuunganisha Afrika Mashariki. Baraza la mawaziri la Uganda liliipitisha Julai 2022 iwe lugha rasmi na ifundishwe shuleni. Vema. Basi iwe pia lugha ya kudai hesabu. Ukikutana na mbunge wako, wa Uganda au wa Kenya, usimwulize bunduki ngapi zimekusanywa mwaka huu. Mwulize risasi za vikosi vilivyo katika wilaya yenu zilihesabiwa mara ya mwisho lini, nani alitia saini, na zilipungua ngapi. Mwulize ng'ombe wangapi walioibwa wamerudi kwa wenyewe. Akikujibu kwamba siku hizi risasi ni ghali, mwambie swali lako halikuwa la bei.